Shaba Inapoota Matawi

Leo naomba twende Kinsevere, kilomita kama 30 kaskazini ya Lubumbashi, kwenye mgodi wa wazi wa shaba ambao wengi wetu tunaujua kwa malori yake tu. Bei ya shaba na mikataba ya migodi tutaziacha kwa siku nyingine. Nataka tuzungumze juu ya umbo: namna shaba inavyokua, na kwa nini, ikiachiwa ifanye inavyotaka, haikui ikawa bapa na laini, bali huota vinundu, sindano na matawi.

Nalileta jambo hili kwa sababu moja. Vijana wetu wa Katanga wakisomeshwa habari za fuwele, picha wanayoonyeshwa kitabuni ni ya chembe ya theluji, kitu ambacho wengi wao hawatakigusa maisha yao yote. Huku nyuma ya nyumba zao kuna mahali ambapo fuwele zinakuzwa kwa maelfu ya tani kila mwaka, na zinatii sheria ileile inayoitawala theluji. Naona tumepoteza kitu kikubwa kwa kupatazama mahali hapo kama pa tani na faranga peke yake.

Kwanza tuone kinachofanyika pale. Mgodi wa Kinsevere ulianza kutoa mabamba ya shaba safi mwaka 2011, ukiwa bado mikononi mwa kampuni ya Anvil Mining. Mwaka uliofuata kampuni ya MMG ikaununua. Kiwanda kilijengwa kiweze kutoa tani 60,000 za shaba kwa mwaka. Mawe ya kijani yanasagwa, yanalowekwa kwenye asidi ya salfa, na shaba inatoka ndani ya jiwe na kuingia majini. Maji hayo yamebeba pia chuma, manganizi na takataka nyingine, kwa hiyo yanachanganywa na mafuta yenye kemikali inayokamata shaba na kuyaacha mengine yapite. Kisha shaba inatolewa kwenye mafuta na kuingizwa katika asidi safi. Mwishoni unapata kimiminika cha buluu iliyokolea, ambacho kila lita yake huwa na gramu kama 40 za shaba.

Hapo ndipo linapoanza jambo letu. Kimiminika kile kinapelekwa kwenye jumba la umeme, ambamo matangi yamepangwa safu kwa safu. Ndani ya kila tangi mabamba yamesimama wima kwa kupishana, moja la risasi, linalofuata la chuma cha pua, halafu la risasi tena. Umeme wa volti 2 tu hivi unapitishwa kati yao, lakini mkondo wake ni mkubwa: viwanda vya namna hii hutumia ampea kama 300 kwa kila mita moja ya mraba. Ioni za shaba zilizomo majini zinavutwa kwenye bamba la chuma cha pua, zinapokea elektroni, na zinakuwa metali. Piga hesabu utaona kwamba shaba inaongezeka unene kwa karibu milimita moja kwa siku. Hiyo inaonekana ndogo. Lakini kwa kipimo cha atomu ni kasi ya kutisha, kwa maana kila sekunde kama tabaka 50 za atomu zinapangwa juu ya bamba lile. Baada ya juma moja hivi, bamba linainuliwa, shaba inabanduliwa pande zote mbili, na kila upande unatoa karatasi ya shaba yenye usafi wa asilimia 99.99.

Mtu akiitazama karatasi ile kwa karibu, akapitisha kiganja juu yake, atakuta haijanyooka kama kioo. Ina vipele. Pengine pembeni kuna vinundu vya ukubwa wa punje ya mahindi, vyekundu, vyenye vinundu vidogo zaidi juu yake. Kila kinundu kilianza kama kasoro isiyoonekana kwa jicho. Swali la kweli ni kwa nini kasoro ile haikufunikwa na shaba iliyoendelea kuja. Ungefikiri kwamba, shaba ikizidi kurundikana, mashimo yatajaa na uso utasawazika, kama vumbi linavyofukia ardhi yenye mabonde. Kinachotokea ni kinyume chake.

Sababu ni hii. Bamba linakula shaba iliyo karibu nalo, na karibu na uso wake maji yanabaki na shaba pungufu. Kuna utando mwembamba wa maji, kama sehemu ya kumi ya milimita, ambamo shaba inapungua kadiri unavyokaribia metali. Ioni mpya lazima zipenye utando huo kwa kutangatanga, bila barabara, zikigongwa huku na huku na molekuli za maji. Sasa, kinundu kikichomoza kidogo, ncha yake inafika pale ambapo shaba bado ni nyingi. Wafikirie watoto waliozunguka sinia moja ya bukari: mwenye mkono mrefu ndiye anayelifikia tonge mbele ya wenzake, na kwa kuwa anakula zaidi, kesho mkono wake utakuwa mrefu kuliko leo. Ncha inapokea ioni nyingi, inarefuka, na kwa kurefuka inapokea nyingi zaidi. Bonde lililo kando yake linanyimwa, kwa sababu kila ioni inayotangatanga kuelekea bondeni hukutana na ncha njiani na kunaswa.

Mkisikia wanafizikia wakisema kwamba uso bapa si imara, wanakusudia jambo hilo. Ubapa unawezekana, ila haujilindi. Ukitikisika kidogo, mtikisiko unajilisha wenyewe.

Basi, ikiwa ni hivyo, kwa nini kila kitu duniani hakijageuka kuwa sindano? Kwa sababu kuna nguvu nyingine inayovuta upande wa pili. Atomu iliyo kwenye ncha kali ina majirani wachache wa kushikana nao, kwa hiyo haijatulia. Ni rahisi iachie na kurudi majini kuliko ile iliyo kwenye uso mpana. Uso wenyewe una gharama ya nishati, na maumbile hupunguza gharama hiyo kwa kulainisha kila kilichochongoka. Ncha nyembamba mno inafutwa na nguvu hii. Ncha nene mno inakua polepole kwa sababu inajinyang'anya chakula yenyewe. Kati ya hizo mbili upo ukubwa unaopendelewa, na ukubwa huo ndio utakaouona kama umbali kati ya tawi na tawi. Hakuna aliyeuchora. Umetokana na mvutano wa nguvu mbili.

Walioliweka jambo hili katika hesabu safi ni Wamarekani wawili, William Mullins na Robert Sekerka, katika makala zao za mwaka 1963 na 1964. Waliuliza swali ambalo mtoto anaweza kuuliza: tonge la fuwele la mviringo kamili, likikua ndani ya kimiminika, litabaki mviringo hadi lini? Jibu lao lina tarakimu ninayoipenda sana. Kila fuwele ina ukubwa wa chini kabisa unaohitajika ili isiyeyuke tena. Mullins na Sekerka walionyesha kwamba tonge likishapita mara 7 ya ukubwa huo wa kuzaliwa, mviringo wake hauna tena ulinzi, na vijivimbe vinaanza kukua. Mara 7 tu! Kwa maneno mengine, fuwele inayokua kwa njia hii inabaki mviringo katika utoto wake wa mwanzo kabisa, na kuanzia hapo kila kitu kinategemea kasi na chakula.

Nawaomba walimu wa sekondari wanisikilize hapa, kwa maana jambo hili linaweza kuonekana darasani kwa vifaa vya sokoni. Chukua mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba ambayo wakulima huitumia kwenye dawa ya ukungu. Ni sumu, kwa hiyo vaa glavu, usiipe watoto waichezee, na usiimwage mtoni. Iyeyushe katika maji kidogo mpaka maji yawe ya buluu kweli. Weka vipande viwili vya waya mwembamba wa shaba juu ya kioo, ncha zake zikitazamana kwa umbali wa sentimita 2, dondoshea maji yale kati yake, kisha funika kwa kioo cha pili ili kimiminika kibaki tabaka jembamba. Unganisha na betri ndogo, kwanza moja, halafu tatu kwa mfululizo.

Tazama waya ulioungwa upande hasi. Mwanzoni hakuna kitu. Kisha ncha yake inafanya kama ndevu, nyekundu ya udongo, mahali pengine karibu nyeusi. Baada ya dakika chache ndevu zinagawanyika. Tawi moja linatangulia, linatoa matawi mawili, na matawi yaliyo nyuma yake yanasimama palepale, hayakui tena, kwa sababu yaliyo mbele yamekwisha kula kila kitu. Ukitumia lenzi utaona rangi ya buluu imefifia kando ya matawi yanayokua. Ukiongeza betri, matawi yanakuwa membamba na kusongamana. Ukitumia moja tu na kuwa na subira, shaba inaelekea kuwa nene na ya mviringo zaidi. Hapo mwanafunzi ameshika mkononi mwake kile kinachoamua umbo, nacho ni kasi.

Mwaka 1984 wanasayansi wawili wa Uingereza, Brady na Ball, walifanya jaribio la jamii hii hasa, kwa shaba, na wakalichapisha katika jarida la Nature. Miaka mitatu kabla yao, mwaka 1981, wanafizikia Witten na Sander walikuwa wamebuni mchezo wa kompyuta ulio rahisi ajabu: chembe moja inatangatanga bila mpango mpaka iguse kundi la chembe zilizotangulia, inanata, halafu chembe nyingine inaachiwa. Kundi lililotokea lilikuwa na matawi juu ya matawi, umbo la aina wanayoiita fraktali. Brady na Ball walitaka kujua kama shaba halisi inafanya hivyo. Walikuta kipimo cha 2.43. Maana yake ni hii: tonge la shaba lililojaa, ukiliongeza upana mara mbili, uzito wake unakuwa mara 8. Kichaka cha shaba chenye matawi kikiongezeka upana mara mbili, uzito wake unakuwa mara 5 na kidogo tu. Kadiri kinavyopanuka ndivyo kinavyozidi kuwa na uwazi ndani yake. Hesabu ya kompyuta na shaba ya kwenye glasi zikakaribiana.

Mtu anaweza kuuliza: mbona basi theluji ina matawi 6 yaliyonyooka, na shaba ya kwenye kioo ina matawi ya ovyoovyo? Johannes Kepler aliliuliza swali la 6 mwaka 1611, katika kitabu kidogo alichomwandikia rafiki yake kama zawadi ya mwaka mpya, na hakulimaliza, maana wakati ule habari za atomu zilikuwa bado hazijajulikana. Leo tunajua kwamba molekuli za maji katika barafu zimepangwa kwa pembe sita, na mpangilio huo unaipa ncha upendeleo wa mwelekeo. Upendeleo ukiwepo, hata mdogo sana, ncha inashika njia yake na kwenda mbele ikiwa nzima. Usipokuwepo, au ukizidiwa na fujo za kutangatanga kwa ioni, ncha inapasuka mara mbili, kila nusu inapasuka tena, na unapata kichaka. Ukipitisha mkondo mdogo katika maji ya mrututu na kuwa na subira, shaba nayo inaweza kuonyesha mpangilio wake, ambao ni wa mchemraba. Mjapani Ukichiro Nakaya, aliyekuwa wa kwanza kutengeneza chembe ya theluji maabarani mwaka 1936, akiikuza juu ya unywele wa sungura, alionyesha kwamba joto na unyevu wa hewa vikibadilika kidogo tu, umbo zima linabadilika. Theluji inayoanguka juu ya Rwenzori, mpakani mwetu na Uganda, imeandikwa kwa kalamu hiyo.

Turudi Kinsevere, maana pale matawi yana gharama. Kati ya bamba la chuma cha pua na lile la risasi nafasi ni sentimita chache tu. Kinundu kikiachwa kikue, siku moja kitaigusa risasi. Umeme unashika njia ya mkato na kupita ndani yake bila kufanya kazi yoyote, bamba linapata moto, na shaba ya eneo lile inaweza kuchafuliwa na risasi. Tani moja ya shaba inahitaji umeme wa karibu kilowati-saa 2,000 katika matangi haya. Sisi tunaojua maana ya umeme kukatika Katanga, na tunaojua kwamba mgodi wenyewe umelazimika mara nyingi kuwasha majenereta ya dizeli kwa sababu gridi haitoshi, tunaweza kukisia uchungu wa umeme unaopotea katika kinundu kimoja.

Kwa hiyo wafanyakazi wa majumba haya hupita juu ya matangi wakitafuta mabamba yenye joto, kwa kamera ya joto au kwa kifaa cha kupima usumaku wa mkondo, na wakiyapata huvunja kinundu kwa chuma. Hiyo ni tiba ya mwisho. Tiba ya kwanza imo ndani ya kimiminika. Viwanda vya aina hii huongeza unga wa mbegu za guar, jamii ya kunde inayolimwa sana India na Pakistani. Molekuli zake ndefu zinanata juu ya uso wa shaba, hasa kwenye ncha ambako mkondo ni mkali, na kuizuia ncha isile haraka. Huongezwa pia chumvi kidogo, miligramu 20 au 30 za kloridi kwa kila lita, ili chembe za shaba ziwe ndogo na zishikane. Kimiminika kinazungushwa, kinapashwa joto, na mkondo unawekwa chini ya kiwango ambacho shaba iliyo karibu na uso ingekwisha kabisa. Kila moja ya hatua hizo inaisaidia nguvu inayolainisha dhidi ya nguvu inayochomoza. Mimi nawaheshimu sana watu wa kazi hii. Wanatawala atomu kwa ndoo ya unga na swichi ya umeme, na wengi wao hawajawahi kuambiwa kwamba wanachokifanya ni fizikia ya hali ya juu.

Upande wa pili wa kasi liko jiwe lenyewe. Malakiti, lile jiwe la kijani tunalolichonga kuwa mapambo na mayai na kuyauza kwa wageni mjini, nalo ni fuwele ya shaba, ila imekua kwa utulivu wa ardhi. Mvua iliingia katika miamba yenye salfidi za shaba, ikaiyeyusha shaba, nayo ikakutana na kaboneti ya miamba ya dolomiti na kutulia ndani ya nyufa na mapango. Ukikata jiwe lile utaona mistari ya kijani iliyokolea na iliyofifia, ikizunguka vijivimbe. Ndani ya kila mstari kuna nyuzi ndogo zilizosimama kuelekea nje. Zile zilizozaliwa zikiwa zimelala ubavu zilizibwa na jirani zake mapema, zikabaki zile zilizonyooka. Nyuzi zikiwa nene, kijani kinakolea. Zikiwa laini, kinafifia. Hapa chakula kilikuja taratibu, na umbo likabaki la mviringo, bila sindano.

Na mkikuta juu ya jiwe lililopasuka michoro myeusi kama majani ya kangaga, msidhani ni mmea wa kale uliogeuka mawe. Mara nyingi ni oksidi ya manganizi iliyopenya katika ufa mwembamba, maji kati ya nyuso mbili za jiwe, sawa kabisa na kimiminika chetu kati ya vioo viwili.

Kuna jambo moja zaidi, nalo linaigusa Katanga kuliko yote. Betri za mwanzo za lithiamu za kuchajiwa zilitumia lithiamu ya metali. Kila betri ilipochajiwa, lithiamu ilirudi juu ya bamba lake kwa njia ileile ya shaba, ikaota sindano, sindano zikavuka na kugusa upande wa pili, na betri nyingine ziliwaka moto. Njia iliyofanikiwa ilikuwa kuificha lithiamu ndani ya kaboni, ili isije ikakua kama metali juu ya uso, na upande wa pili kuweka oksidi ya lithiamu na kobalti, ambayo kundi la mwanasayansi John Goodenough lilionyesha mwaka 1980 kwamba inafaa kwa betri. Sony iliitoa betri ya namna hiyo sokoni mwaka 1991. Tangu hapo dunia ikaanza kuitaka kobalti kwa pupa, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo. Upanuzi wa Kinsevere ulioidhinishwa mwaka 2022, wa kushughulikia salfidi za chini ya mawe ya kijani, ulijumuisha pia kiwanda cha kobalti. Sehemu ya njaa hiyo ya dunia, wasikilizaji, ilianzia kwenye sindano zilizoshindikana kuzuiwa.

Sasa watafiti wanataka kuirudisha lithiamu ya metali, kwa sababu inabeba nishati nyingi zaidi kwa uzito uleule. Tazama wanachojaribu: kupunguza mkondo wakati wa kuchaji, kutia kemikali zinazonata kwenye ncha, kubadili joto, kubana uso kwa shinikizo, kuweka kitu kigumu mahali pa kimiminika, ambacho nacho sindano hupenya kwenye nyufa zake. Fundi wa jumba la umeme la Kinsevere angezitambua tatu za kwanza bila kufundishwa. Ningependa Kitivo cha Polytechnique cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kimwalike aje darasani, na bamba moja lenye vinundu likiwa mezani, wanafunzi wakiwa na rula za kupima umbali kati ya kinundu na kinundu.